Nimelipia filta mpya ya oili, nimerudishiwa boksi tupu

Wakuu, nina hasira tangu Jumamosi. Hapa nilipo filta ya oili iko mezani ndani ya mfuko wa rambo, naiangalia kama mtu anavyomwangalia kibaka aliyekamatwa na kuku mkononi. Acha niandike kwanza, nisije nikaenda kugombana na watu.

Gari ni Mazda Demio ya dizeli, ile ya injini ya 1.5 yenye turbo, iliyotumika Japani kama nyingi tunazoendesha hapa Dar. Niko nayo mwaka wa tatu. Kwa mafuta haina shida, elfu thelathini unazunguka mpaka unaisahau sheli. Ila kwenye oili haina utani. Fundi wangu wa siku zote anaijua, tatizo wiki tatu zilizopita alikuwa kwao kwenye msiba na kilomita zangu zilishafika. Nikajidanganya: ngoja leo niende sehemu ya maana. Gereji ina vigae, ina mapokezi yenye kiyoyozi, risiti ya EFD unapewa. Jina sitaji.

Oili nilinunua mwenyewe Kariakoo, 5W-30 ya majivu kidogo, iliyoandikwa C3 kwenye galoni. Filta waliniuzia wao. Nikamwelekeza kijana taratibu kabisa: mdogo wangu, hii ina DPF, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, usiweke oili nyingine yoyote. Badili filta, badili na washa, ile pete ya nati ya chini ya kumwagia oili. Usimimine galoni zima kwa mkupuo, pima kwa stiki. Ukimaliza, riseti kumbukumbu ya oili kwenye kompyuta. Akacheka. "Bosi, dizeli ni dizeli, sisi hapa tunahudumia mpaka Fuso."

Pale pale ningegeuza gari. Sikugeuza.

Nikataka kusimama nione. Hairuhusiwi, utaratibu wa usalama, mteja anakaa mapokezi. Nikakaa nikaangalia tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa. Dakika ishirini tu kijana huyo, mkononi ana boksi la filta tupu. "Ushahidi huu bosi, tumebadili." Nami nikaliweka kwenye buti kama mtu mwenye akili timamu. Galoni halikurudi, walisema oili imekwisha yote.

Asubuhi yake, gari limelala mahali tambarare, injini ya baridi, nikachomoa stiki. Oili imepita alama ya F, imepanda inaelekea kwenye X. Kwa wasiozijua hizi gari: stiki yake ina L ya kiwango cha chini, ina F ya kujaa, na juu yake kuna X. Ile X haikuwekwa kwa urembo. DPF inanasa masizi ya moshi, na ikijaa kompyuta inanyunyizia dizeli ya ziada ili joto lipande masizi yaungue. Ukiwa safari ndefu kazi inaisha vizuri. Ukiwa foleni ya Ubungo unaizima katikati, na sehemu ya ile dizeli inateremka kwenye kuta za silinda mpaka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi na inaongezeka. Ikifika X unamwaga, huna mjadala.

Nikapiga simu. Akapokea mkuu wao wa karakana, na mjue huyu si mjinga, hiyo dizeli inayoteremka anaijua vizuri. Ndiyo iliyoniudhi zaidi. Akanijibu kwa sauti ya daktari: "Kaka, hizo Demio ndivyo zilivyo, dizeli inashuka kwenye oili, usiwe na wasiwasi." Inashuka, sawa! Lakini inashuka kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Mimi nimetoka kwao saa kumi, nimefika nyumbani, nimelala. Dizeli gani hiyo inajaza sampu, bakuli la oili chini ya injini, nikiwa kitandani? Walimimina galoni zima bila kupima, basi.

Kuna watu watasema ikizidi kidogo si kitu. Ikizidi, krenki, ile shafti inayozunguka ndani ya injini, inaipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halijengi presha wala halilainishi kitu. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ikikosa oili safi kwa muda mfupi tu imekwenda. Na kwa dizeli kuna baya zaidi: mvuke wa oili unapita kwenye bomba la kupumulia unaingia kwenye hewa ya injini, injini inaanza kuchoma oili yake yenyewe. Hapo inalia yenyewe, unazima swichi, haizimi. Nilishawahi kuona Canter ikifanya hivyo, dereva aliiacha akakimbia.

Fundi wangu aliporudi tukaipandisha. Chini kumelowa. Nati ya kumwagia oili imezungushiwa silikoni nyeusi kama keki. Tukaifungua, washa ni ile ile ya zamani imebonyea, na nyuzi za sampu zimeanza kuliwa. Sampu ni ya aluminiamu, wao wamekazia kwa spana iliyochomekewa bomba kama wanafunga tairi la hiyo Fuso yao. Walipoona inavuja wakapaka silikoni. Fundi hakusema neno, alitikisa kichwa tu.

Kisha akafungua filta.

Mimi nina kaugonjwa, kila sevisi naandika tarehe kwenye filta kwa maka peni. Mke wangu hunicheka. Filta iliyotoka ina tarehe yangu, kwa mwandiko wangu, ya sevisi iliyopita! Wameifuta kwa petroli mpaka inang'aa, namba za mwisho zimefifia, lakini 7 yangu yenye mkia inasomeka. Kwa hiyo oili ya laki na zaidi imepitishwa kwenye uchafu wa miezi. Filta ikishaziba, kuna vali ndani inafunguka ili injini isikose oili, na hapo oili inapita bila kuchujwa. Hiyo ndiyo turbo yangu ilikuwa inakunywa wiki tatu.

Na sasa hata hiyo oili sina uhakika nayo. Kama filta mpya waliificha, galoni langu je? Inawezekana nimewekewa ya kupima kutoka kwenye pipa. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku ile ile, kwa macho huwezi kujua. Kama ni ya majivu mengi, yale majivu hayaungui kama masizi, yanabaki ndani ya DPF mpaka izibe. Bei ya DPF mnaijua.

Nikarudi kwao na filta mkononi. Wakaniambia kwanza, yule kijana hayupo tena. Pili, labda alisahau. Alisahau vipi na boksi tupu aliniletea mwenyewe? Filta iliyokuwa ndani imefungwa kwenye gari la nani? Kimya. Mwisho mkuu wa karakana akanipa ofa: sevisi ijayo watanipunguzia nusu. Sevisi ijayo! Kuriseti nako hawakugusa, kompyuta bado inahesabu kuanzia sevisi ya zamani.

Fedha yangu naidai na risiti ninayo, nimewapa mpaka Ijumaa. Kwenu nina mawili tu: nani anamjua fundi hapa Dar anayetengeneza upya nyuzi za sampu ya aluminiamu bila kununua sampu nzima, na oili iliyomo, ambayo fundi ameikinga kwenye ndoo safi, kuna sehemu wanaipima wakakwambia ni ya aina gani? Ndoo iko stoo, nimeifunika.