Mrejesho: Toyota IST yangu na habari ya shokapu

Wakuu, niliuliza kama niweke springi ndefu au spesa (vipande vya kuongeza kimo juu ya springi) kwenye IST, maana kila siku natoka Isyesye kwenda Mwanjelwa hapa Mbeya na matuta yanakwangua chini. Mliosema nianze na shokapu, zile za kutuliza mnesonneso wa springi, asanteni sana.

Fundi alipovua ya mbele kulia, oili ilikuwa imevuja na vumbi limegandia kama ukoko wa ugali. Ukiibonyeza inazama, inabaki hukohuko. Raba yake ya juu imepasuka. Ndiyo iliyokuwa inagonga, wala si bolijointi, kile kiungo cha tairi la mbele. Nimefunga shokapu mpya za KYB zote nne, raba na bushi (mipira ya viungo) za mbele, springi zilezile za kiwandani. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha tairi. Hiyo msiiruke, tairi zitalika upande.

Spesa nimeachana nazo. Zinainua bodi tu, draivushafti (chuma kinachozungusha tairi) inakaa kwa pembe kali na buti zake, ile mipira inayofunika viungo, zinachoka mapema. Kwa gari la kwenda kazini, ya nini?

Mteremko wa Mlima Nyoka sasa gari halinesi. Ila nikipakia viazi vya Isyonje, nyuma bado linalala. Nawaza springi za nyuma zenye waya mnene kidogo. Aliyewahi kuzifunga, ukiwa peke yako linarusha sana?