Mtoto anaogopa mvua tangu vita vifike Goma, naomba ushauri

Mama wa Himbi: Ndugu zangu, nipo Goma. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, mwanangu wa miaka sita hukimbilia chini ya kitanda kila mvua inaponyesha, na amerudia kukojoa kitandani. Nifanye nini ili alale?

Mzaliwa wa Kyaka: Pole sana, dada. Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978 nilikuwa na miaka tisa. Mizinga ikianza, mama alitumwagia maharage kwenye ungo, akatuamuru tuyachambue gizani kwa vidole, mazima huku, yaliyotobolewa kule. Hadi leo nikisikia kishindo, vidole vyangu huanza kupapasa.

Muuguzi: Kukojoa kitandani baada ya mashambulizi huwapata watoto wengi, na mara nyingi huisha mtoto akianza kujiona yu salama, usimchape wala usimwaibishe. Lakini mama, mvua inahusiana vipi na mabomu?

Mama wa Himbi: Hilo niliogopa kulisema. Siku zile nilimwambia kwamba ni radi. Tulikuwa tumelala sakafuni mbali na madirisha, umeme na maji vimekatika, naye ananiuliza ni nini kile. Ninyi mngejibu nini? Alitulia, kwa hiyo nimeamua kutombadilishia maneno mpaka akue.

Mpenda Kweli: Uongo ni uongo, hata ukisemwa kwa huruma. Mfundishe mtoto kusali.

Msomaji wa Mwanza: Mimi nina shaka na kisa hiki. Watu wa Goma hawasemi Kiswahili cha namna hii. Hiki ni cha Kigoma.

Mama wa Himbi: Ni cha Kigoma kweli, kwa sababu nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko Kigoma. Tulikimbia kutoka Uvira, Kongo, mwaka 1996 nikiwa na miaka mitano, na mama aliniambia kwamba tunakwenda kumsalimia shangazi. Nilimngoja huyo shangazi miaka mingi.

Muuguzi: Basi unajua mwenyewe inavyouma. Mweleze mchana, kwa maneno machache, kwamba yale yalikuwa mabomu, na usimwahidi kwamba hayatarudi. Radi humulika kwanza ndipo ingurume. Mfundishe kuhesabu katikati yake.

Mama wa Himbi: Nilimweleza jana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia. Jioni mvua iliponyesha aliingia tena chini ya kitanda, ila safari hii aliniita niingie naye, tukahesabu pamoja hadi nne.