Sijui kuandika programu, naweza kuchangia LibreOffice?

MwalimuWaZamu:
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tangu 2018 matokeo ya darasa langu nayaandaa kwenye Calc, sehemu ya majedwali ya LibreOffice, ile programu ya bure ya kazi za ofisi, na sijalipia leseni hata senti. Majuzi nimesoma kwamba wanapokea watu wa kujitolea, roho ikanisuta. Tatizo ni kwamba kodi ninayoijua mimi ni ya nyumba tu. Nitasaidia nini, au nitakwenda kuwasumbua wataalamu? Nina laptop ya zamani na saa mbili hivi kila Jumamosi.

Kijiti_cha_Moto:
Mwalimu, bando unalipia, umeme unalipia, halafu na kazi ufanye bure? Jumamosi fundisha tuisheni upate ya mboga.

bi_faili:
Mwache bwana, mboga hajakuomba.

Mwalimu, anzia kwenye ripoti za hitilafu. Zinakaa kwenye mfumo unaoitwa Bugzilla, na ripoti mpya hubaki UNCONFIRMED (haijathibitishwa) mpaka mtu mwingine aijaribu kwenye mashine yake. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Pakua faili lililoambatishwa, fuata hatua zilizoandikwa, kisha eleza ulichokiona. Na hiyo laptop usiidharau, kuna matatizo hayajitokezi kwenye mashine mpya.

Ukija kuripoti lako, usifanye kama mimi. Ripoti yangu ya kwanza niliandika: "Programu haifunguki, naomba msaada haraka." Ikarudi na NEEDINFO, yaani maelezo hayatoshi: toleo gani, Windows au Linux, ulibonyeza nini? Nilinuna siku mbili. Baadaye nikaona wana haki, nilikuwa kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza. Namba ya toleo iko menyu ya Msaada. Humohumo kuna hali salama (Safe Mode), inayofungua programu bila mipangilio yako, iwashe kwanza na ujaribu tena, maana huenda kinachosumbua ni mipangilio yako mwenyewe.

mpika_maneno:
Na Kiswahili je? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice.org kwa Kiswahili kitupu. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010, na tafsiri zake zinafanyika Weblate, mfumo wa kutafsiri mtandaoni, kwenye kivinjari tu, hata kwa bando la kuungaunga.

Ukikutana na %PRODUCTNAME usiiguse, hapo litakaa jina la programu. Alama ya ~ mbele ya herufi, mfano ~Hifadhi, ndiyo inayokuwezesha kubonyeza Alt na H. Kwa hiyo kwenye menyu moja usiipe H kazi mbili. Yanayobaki ni ubishi wa kompyuta au tarakilishi, ambao Watanzania na Wakenya hatutaumaliza leo.

Kijiti_cha_Moto:
Tarakilishi mtaibeba wenyewe.

MwalimuWaZamu:
Mrejesho, wakuu. Jumamosi nimejisajili, nikachukua ripoti moja ya mtu anayelalamika kuhusu kuchapisha jedwali. Nimefuata hatua zake zote mara tatu, kwangu inachapa vizuri tu. Sasa nimekwama, maana naona kama nitakuwa namwambia mwenzangu ni mwongo.

bi_faili:
Hapana, andika hivyohivyo kwamba kwako haikutokea. Taja toleo lako na aina ya printa, umalize. Huenda kwake ni toleo la zamani na lilisharekebishwa, nayo ni taarifa wanayoitafuta.

MwalimuWaZamu:
Sawa dada, natuma sasa hivi kabla Luku haijakata.