Uani kwa Bibi: mita nane au kumi?

Kikundi: WAJUKUU WA BI MWANAIDI (Goba)
Alhamisi, saa 2 usiku

Idrisa: Asalaam aleikum ukoo. Ndiyo natoka uani kwa Bibi kupima. Tunapata uwanja wa mpira wa mita 10 kwa 16, peupe, safi kabisa. Vigingi na kamba tayari. Fundi wa nyasi bandia anakuja Jumamosi.

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam. Uani upi? Pale ninapopika pilau kila Idi?

Idrisa: Shikamoo shangazi. Ndiyo hapo, ila

Shangazi Zuhura: Marahaba. Hakuna ila.

Faraji: shangazi si utapika pembeni 😂

Shangazi Zuhura: Wewe Faraji nani kakuuliza?

Baba Mdogo Salum (Maskati): Moto usikae karibu na lile kapeti la nyasi bandia. Ni plastiki. Kaa moja likidondoka linatoboa, na kiraka utakiona hadi unazeeka. Huku nyumba nyingi wametandika uani, nimeyaona. Jingine, kwa jua la saa 7 kapeti halikanyagiki, linakuwa la moto kuliko saruji iliyo pembeni yake. Ukilimwagia maji linapoa, ukigeuka limesharudi vilevile.

Faraji: sisi tunacheza saa 10 jioni ba'mdogo

Baba Mdogo Salum (Maskati): Na mvae viatu. Ukiteleza na goti tupu, ngozi unaiacha pale.

Mjomba Hashimu: [picha ya waridi: Alhamisi Njema]

Rehema: Kaka Idrisa, chini ya kapeti fundi anaweka nini?

Idrisa: Kasema anatandaza mchanga, anashindilia, anabandika. Siku mbili kamaliza.

Rehema: Basi masika ya kwanza mtafuga kambale. Nyumba ya Bibi iko bondeni, udongo mfinyanzi, mvua ya Aprili inatuama pale siku tatu. Kapeti lenyewe lina matundu, maji yanapita. Yakishapita yanakwenda wapi?

Mjomba Hashimu: Mbona Kaitaba kule Bukoba mvua inanyesha na mechi inaendelea?

Rehema: Kwa sababu ya kilicho chini, mjomba. Toa udongo sentimita 15 hadi 20. Tandika kile kitambaa kinachozuia tope lisipande. Mwaga kokoto, shindilia kwa mashine, tabaka kwa tabaka, si kwa miguu ya Faraji. Juu yake vumbi la mawe sentimita 3. Hapo ndipo kapeti. Na uso wote ulale kidogo, sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea mferejini. Usielekeze kwa jirani, tumeshagombana naye vya kutosha.

Idrisa: Kokoto kiasi gani?

Rehema: Kwa 10 kwa 16, unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 24, na hizo ni baada ya kushindiliwa. Utanunua zaidi.

Idrisa: Dah. Si bora ninunue kapeti zuri zaidi?

Rehema: Kapeti ni shuka tu. Kitanda ni kokoto.

Rehema: Halafu chemba umeiacha wapi?

Idrisa: Chemba ipi?

Shangazi Zuhura: 🤦🏾‍♀️

Rehema: Ya choo cha uani. Mita moja na nusu kutoka ukutani. Kwa vigingi vyako iko ndani ya uwanja.

Idrisa: Tunaifunika. Siku ikiziba tunakata kapeti kidogo.

Shangazi Zuhura: Mwaka jana iliziba mara mbili. Wewe ulikuwa Morogoro. Mimi ndiye niliyeshika fimbo.

Baba Mdogo Salum (Maskati): 😂😂😂

Rehema: Sikilizeni. Rola la kapeti lina upana wa mita 4. Ukitaka mita 10 unanunua rola tatu, na ile ya tatu unakata nusu nzima, mita za mraba 32 hizo huna pa kuzipeleka. Fanyeni mita 8. Rola mbili kamili, mshono mmoja tu katikati, na mshono ndio unaoachia kwanza. Upande wa ukuta zinabaki mita 2. Chemba inabaki wazi. Shangazi anapata pa mafiga, ila siku ya Idi tunaweka mabati kuziba cheche.

Faraji: mita 8 si korido hiyo??

Rehema: Mnacheza wanne kwa wanne. Ukitaka kubwa nenda kwa Mkapa.

Shangazi Zuhura: Rehema mwanangu, Mungu akuweke. Nane.

Idrisa: Sawa, nane. Mchanga wa kujazia juu nachota Kunduchi, hiyo ni bure.

Rehema: Wa baharini una chumvi na magamba. Nunua wa silika uliooshwa. Kilo 15 hivi kwa mita moja ya mraba, kwa 128 ni karibu tani 2. Uzito huo ndio unaolituliza kapeti na kusimamisha nyuzi.

Baba Mdogo Salum (Maskati): Na zile punje nyeusi za matairi?

Rehema: Sizitaki. Zinaongeza joto, zinaingia kwenye viatu hadi sebuleni. Umoja wa Ulaya walizipiga marufuku 2023, wamewapa watu hadi 2031 kuziacha. Nyuzi fupi na mchanga zinatosha kwa nyumbani.

Mjomba Hashimu: Na mimi niulize. Kapeti la KIJANI?

Idrisa: Ni nyasi mjomba 😅

Mjomba Hashimu: Mkiweka na mistari ya njano, mchango wangu naomba nirudishiwe.

Faraji: Daima mbele 💚💛

Mjomba Hashimu: Huyu mtoto kalelewa na nani?

Saa 3 na nusu usiku

Shangazi Zuhura: Nimemsomea Bibi yote. Anasema nane sawa. Kamba ya nguo irudi mahali pake. Mchaichai asiuguse mtu. Watoto wa jirani waje wacheze, ila adhana ya magharibi ikilia kila mtu kwao.

Rehema: Bibi kamaliza.

Shangazi Zuhura: Hajamaliza. Anauliza, nani kakata mgomba wake wa mkono wa tembo? Ulikuwa na mkungu.

Faraji: 👀

Rehema: "Peupe, safi kabisa."

Idrisa: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Zuhura: Nilishausoma. Anakusubiri kesho baada ya swala ya alfajiri. Uje na mche na jembe.