Naomba ushauri: logi za swichi zinapotea kabla ya kufika kwenye seva

Wakuu, habari za kazi. Nina swichi 24 za Cisco Catalyst (vifaa vya kuunganisha mtandao) zinazotuma logi, yaani kumbukumbu za matukio, kwa seva moja ya rsyslog (programu ya kupokea na kuhifadhi logi) kupitia UDP, mlango 514. Kiwango ni "logging trap informational", yaani ngazi 0 (ya hatari zaidi) hadi 6 (taarifa za kawaida). Bafa ya ndani (kumbukumbu ya muda ya logi kwenye swichi) ni baiti 64000, saa zote zinafuata NTP (itifaki ya kulinganisha saa).

Shida iko hapa: kebo inayoelekea swichi kuu ikikatika kidogo, %LINK-3-UPDOWN (logi ya kiungo kukatika au kurudi) naiona kwenye swichi kwa amri "show logging", lakini kwenye seva haipo. Najua UDP haisubiri uthibitisho, na spanning tree (itifaki inayozuia mizunguko kwenye mtandao) ikiwa bado inapanga njia upya, pakiti hutupwa tu. Ndiyo logi ninayoihitaji kuliko zote!

Milango ya watumiaji nimeshaiwekea "no logging event link-status" (isitoe logi ikiwaka au kuzimika), kelele zimepungua sana.

Je, nihamie TCP (inayosubiri uthibitisho), au niweke rsyslog ndogo kila jengo yenye foleni ya diski (inayohifadhi logi hadi zitumwe)? Ya pili naiona salama zaidi, ila swichi yenyewe ikitengwa na hiyo rsyslog, tatizo linabaki palepale. Nikishuka ngazi ya 5, %SYS-5-CONFIG_I (logi ya mtu kubadili mipangilio) bado itafika. Nini muhimu nitakosa? Waliokwisha kuipitia hii, naombeni mwongozo.