Je, nuktamkato ya mwisho katika kanuni ya CSS ni ya lazima?

Swali
Ndugu zangu, katika faili za CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za wavuti) ninazozipitia, baadhi ya waandishi huweka nuktamkato (;) baada ya kila tamko (mfano `color: red`), na wengine huiacha kwenye tamko la mwisho kabla ya kufunga mabano, ilhali kurasa zote zinaonekana sawa. Naomba kufahamu iwapo hiyo ni sheria ya lugha yenyewe au ni mazoea tu.

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, nuktamkato hutenganisha matamko, kwa hiyo ya mwisho inaweza kuachwa bila kosa. Hata hivyo nakusihi uiweke daima, kwa sababu kanuni, yaani kundi la matamko ndani ya mabano, hukua. Mwenzako akiongeza `margin: 0;` chini ya `color: red` bila kuliona pengo lililo juu yake, kivinjari kitayasoma yote mawili kuwa thamani moja ya `color` isiyokubalika, na yote mawili yatatupwa. Ukurasa hautaonyesha onyo lolote, maana kivinjari kinatakiwa kuruka kisichokielewa na kuendelea na kazi. Hiyo ndiyo sababu makosa ya namna hii husumbua sana kuyatafuta.

Jibu la pili
Naafiki, ila alama hiyo isiwekwe baada ya mabano ya kufunga. Ukiandika `};` mwishoni mwa kanuni, nuktamkato huhesabiwa kuwa sehemu ya kichaguzi kinachofuata (maneno yaliyo kabla ya mabano, yanayotaja sehemu za ukurasa zitakazopambwa), na kanuni ya pili, ambayo haina kosa lolote, hubatilika nzima.

Nafasi nazo zina uzito. `.kadi.kuu` ni elementi (sehemu ya ukurasa) moja yenye klasi, yaani majina ya kundi, zote mbili, lakini `.kadi .kuu` ni elementi iliyo ndani ya nyingine. `10 px` hukataliwa; huandikwa `10px`. Katika hesabu kama `calc(100% - 20px)` alama ya kutoa, kama ile ya kujumlisha, lazima iwe na nafasi pande zote mbili.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, maelezo (maandishi ya mwandishi ambayo kivinjari huyaruka) yanaweza kuanzishwa kwa `//`?

Jibu la kwanza
Hapana, CSS hutambua `/* */` pekee. Ukiandika `// rangi ya kichwa` na mstari unaofuata ukawa `color: red;`, kivinjari hutupa kila kitu hadi kwenye nuktamkato, pamoja na rangi uliyoikusudia. Wengi hudhani `//` inafanya kazi kwa sababu wameiweka mbele ya tamko walilotaka kulizima, nalo likazimika kweli.