Mrejesho: 4A-GE kwenye daraja la cc 1600

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama pistoni za saizi 50 (kubwa kwa nusu milimita) zitaiacha 4A-GE yangu, injini ya Toyota, ndani ya cc 1600, kikomo cha daraja letu la mbio za dragi (mbio fupi za njia iliyonyooka). Haziwezi. Kipenyo cha silinda ni milimita 81, mwendo wa pistoni 77, jumla kwa silinda nne cc 1587. Ongeza nusu milimita, unafika karibu 1607.

Kwa hiyo nimebaki na 81. Fundi wa Gerezani alipima kila silinda juu, katikati na chini, nikiwa pembeni yake. Hazijalika, akapitisha hono (mawe ya kukwaruza ukuta wa silinda) na kuweka ringi mpya za pistoni. Nguvu tunaitafuta kwenye hedi (kichwa cha injini): valvu zimesagwa, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imepanda kidogo. Zaidi ya hapo, kwa joto la Dar na petroli ya kituoni, naogopa injini itagonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Jumamosi tunaiwasha.